Faili Mia Mbili Zenye Vichwa vya Uongo

Jumatatu, 3 Juni

Leo nimekuwa mkuu. Mkuu wa upimaji! Ngoja niandike tena nione linavyokaa: mkuu wa upimaji. Linakaa vizuri.

Madam, bosi wetu, alitangaza kwenye kikao cha asubuhi, mbele ya wote, huku projekta inamulika matokeo ya majaribio yangu ukutani. Kijani, kijani, kijani mpaka chini. Faili mia mbili na ushei nilizoziharibu kwa mkono wangu mwenyewe, miezi yote hii — na programu yetu imezikataa zote. Hakuna hata moja iliyopenya! Madam akasema kama ofisi nzima ingefanya kazi hivi, yeye angekuwa analala fofofo. Wakapiga makofi. Mimi nikajitia kutazama viatu vyangu, kumbe nachungulia nani hapigi.

Aliyepiga kwa nguvu kuliko wote ni yule mwandishi wa programu anayekaa karibu na dirisha. Ndiye aliyeandika sehemu inayosoma hizo faili. Jina lake la ofisini nilimpa mimi, mwaka jana: Bwana Baadaye. Maana ukifungua kazi yake, kila kona amejiachia ukumbusho — "hii baadaye", "nimalizie baadaye", "baadaye, baadaye". Sasa hata wafagizi wanamwita hivyo.

Nilipoambiwa niseme neno, nikasema namshukuru sana Bwana Baadaye, kwa sababu angekuwa anamaliza kazi zake kwa wakati, mimi ningekosa cha kupima na cheo ningekisikia redioni. Watu walicheka mpaka wakajifuta machozi. Yeye pia alicheka. Alichelewa kidogo kuanza, lakini alicheka.

Mdomo wangu huu hauna breki. Ila utani ulikuwa mzuri, tusidanganyane.

Jumanne, 4 Juni

Mama mkwe amenitangaza mtaa mzima. Yuko kwetu tangu mwezi uliopita kwa sababu ya goti lake, na ngazi hazipandi vizuri, lakini leo goti limepona ghafla! Ameshuka mpaka kwa fundi cherehani wa ghorofa ya chini, akamweleza kuwa mkwewe sasa ni mkuu. Mkuu wa nini, fundi akauliza. Mama akasema wa kompyuta. Zote? Zote. Jioni napita na mfuko wangu wa vitunguu, fundi ananyanyuka kitini kunisalimu. Nilitaka kucheka, nikaishia kunyoosha shingo.

Mezani mume wangu ananiuliza, hivi kazi yako hasa ni ipi? Miaka yote hii tumeoana hajawahi kuelewa. Yeye ni fundi majokofu. Kitu kikipoa kimepona, kisipopoa bado. Nikamwelezea kwa sahani na vijiko. Chukua kompyuta nzima, kila kilichomo kwenye diski yake, ukifunge ndani ya faili moja. Hiyo tunaita diski pepe. Unaihamisha, unainakili, unaiwasha kwenye mashine nyingine kabisa. Na mwanzoni mwa hiyo faili kuna kipande kidogo, kinaitwa kichwa. Kichwa ndicho kinachojieleza: mimi ni faili ya aina hii, diski yangu ina ukubwa huu, data yangu inaanzia hapa. Programu inasoma kichwa kwanza. Sasa kichwa kikiwa cha uongo na programu ikakiamini, itakwenda kuandika pasipo pake na vitu vya mteja mwingine vitafutika. Kwa hiyo lazima ikikague kabla ya kukiamini. Na mimi natengeneza vichwa vya uongo, nione kama itashtuka.

— Yaani wewe unalipwa kwa kusema uongo, mume wangu akasema.

Nikamwambia nalipwa kuona kama uongo unagundulika. Ukigundulika, naweka kijani. Mama mkwe naye, kijiko hewani: na usipogundulika, mwanangu? Nikamjibu hilo halijawahi kutokea, mama.

Nilivyolisema kwa raha!

Alhamisi, 6 Juni

Sijui nianzie wapi. Uso unaniwaka mpaka sasa.

Baada ya chakula cha mchana Bwana Baadaye alikuja mezani kwangu. Dada, una nafasi kidogo? Nikamjibu kwa sauti, ili wasikie: baadaye! Wakacheka. Hakuondoka. Alisimama pale pale na kompyuta yake kifuani, akasubiri kicheko kiishe, kisha akaniambia taratibu twende chumba cha mashine ya kuchapa. Nikaenda, huku nawakonyeza wenzangu.

Alifunga mlango. Akaniuliza, lile jaribio lako la ukubwa wa diski, linapita?

Nikamwambia yote yanapita, kwani Jumatatu ulikuwa umelala?

— Niliyaona, dada. Ndiyo maana nauliza. Ule ukaguzi wa ukubwa mimi sijauandika.

Nikamwambia hebu nionyeshe.

Akafungua kompyuta akanionyesha. Mahali ambapo programu ingepaswa kuuliza kama ukubwa uliotajwa kichwani unaingia akilini, palikuwa patupu. Pana neno moja tu, na neno lenyewe tunalijua sote. Akasema aliruka hapo mwezi wa pili, akijua jaribio langu litakuwa jekundu na litamkumbusha. Akasubiri jekundu. Likaja kijani. Akasema wiki nzima amekuwa anajiuliza labda amechanganyikiwa.

Nilimpandia juu! Nikamwambia anatafuta pa kutokea kwa sababu ya utani wa Jumatatu. Nikamwambia mwanaume mzima ananuna kama mtoto, aende akamalize kazi yake ndipo aje anifundishe yangu. Alisema huenda amekosea yeye, nitazame tu halafu nimwambie. Na akatoka, akavuta mlango polepole usigonge.

Nikatazama.

Niandike waziwazi, hapa hakuna anayesoma. Kila kichwa kina jumla yake. Baiti zote za kichwa, zile namba zinazokiunda, zinajumlishwa, na jumla inaandikwa mwishoni mwa kichwa hicho hicho, ili faili ikiharibika njiani ijulikane. Kitu cha kwanza kabisa inachofanya programu ni kujumlisha upya. Jumla zisipolingana, faili inatupwa hapo hapo, hakuna kusoma zaidi. Na mimi nilipoweka ukubwa wa uongo, nilipoweka mwanzo wa uongo, toleo la uongo, kila aina ya uongo — jumla sikuigusa. Niliiacha ile ya faili kabla sijaiharibu. Kwenye faili zote! Na jaribio langu linauliza swali moja tu: imekataliwa? Haliulizi imekataliwa kwa kosa gani.

Ni kama nimetaka kujua kama bawabu anatambua vitambulisho bandia, nikamtumia watu mia mbili wenye vitambulisho bandia — wote wako uchi. Kawafukuza wote, sawa. Kwa sababu ya vitambulisho? Wapi! Hata hakuvitazama.

Na mimi nikapigiwa makofi.

Hili kosa ninalijua. Wapimaji wote wanalijua. Nimewahi kusimama mbele ya ubao nikawaonya watu kuhusu kosa hili hili, na mifano nikatoa.

Ijumaa, 7 Juni

Niliwahi kazini kabla ya mtu yeyote. Nikamkuta Bwana Baadaye kashafika.

Kurekebisha kulichukua mstari mmoja. Mmoja! Baada ya kuharibu kichwa, piga jumla upya, andika. Basi. Nikabonyeza, tukatazama. Kwanza kijani, kijani. Halafu jekundu. Halafu mekundu yakaanza kumwagika. Faili moja inadai diski yake ni kubwa kuliko diski zote za jengo hili zikiunganishwa — programu imeipokea, karibu mgeni. Nyingine inasema data yake inaanzia ndani ya kichwa chenyewe. Imepokelewa. Nyingine inasema diski yake imegawanywa vipande vyenye ukubwa wa sifuri. Programu ikajaribu kugawanya kwa sifuri ikaanguka chali, na mashine yangu nayo ikaganda. Ikabidi nihamie kwenye seva ya wote, ile yenye nguvu.

Programu hii inakwenda kwa wateja mwisho wa mwezi. Kliniki ya macho ni ya kwanza. Mashine zao zote zitakaa humo, na picha za macho ya watu, na kumbukumbu zao zote.

Nilisubiri anicheke. Haki yake, ningekuwa mimi ningemcheka mpaka ghorofa ya tatu wasikie. Alikwenda akarudi na vikombe viwili vya chai. Akasema kosa hili hata yeye lingempita, na kwamba afadhali limeonekana kabla ya kliniki. Akasema ukaguzi uliokosekana ni wake, majaribio ni yangu, kwa hiyo tumeoza pamoja, Jumatatu tumweleze Madam wote wawili na wiki ijayo tunaziba. Aliongea kama mtu anayepanga zamu ya kufua. Mimi nikashindwa hata kusema samahani kwa maneno ya jana. Badala yake nikasema nini?

Nikasema: usimwambie Madam kabla sijamwambia mimi.

Akasema sawa, dada. Ahadi.

Na jambo jingine. Seva inataka kila rundo la majaribio lipewe maelezo mafupi. Nilipaswa kuandika "marekebisho ya majaribio mabovu". Niliandika "majaribio mapya". Si uongo, maana ni ya leo. Nimekaa nalitazama hilo neno "mapya" muda mrefu, sikulifuta.

Jumamosi, 8 Juni

Nimefua kila kitu nyumba nzima, hata visivyo vichafu. Mume wangu kaniuliza pazia limefanya kosa gani.

Jumapili, 9 Juni

Mama mkwe kaniitia watu. Sikuambiwa! Natoka chumbani na kitenge cha kulalia, nakuta sebule imejaa — wifi yangu mkubwa na mumewe, binamu zao, jirani wa mlango wa pili, na fundi cherehani ambaye sijui nani alimwalika. Wamekuja kumpongeza mkuu. Mama mkwe akanishika bega akanisimamisha katikati kama kabati jipya. Akasema yeye hakusoma, na mabinti zake hawakufika mbali, lakini Mungu amemletea binti kwa njia ya mwanawe. Sauti ikamkatika. Wifi mkubwa kwa kawaida hanipi hata salamu iliyokamilika. Leo alinishika mkono. Akasema kwa kunichokoza, sasa wewe ukikosea nani atakupima, si uko juu ya wote?

Wakacheka. Nami nikacheka, maana ningefanya nini.

Nilikuwa nazungusha kijiko na kutafuta pa kuweka macho. Kila nikiinua kichwa kuna mtu ananitabasamia. Nilitamani mmoja wao aninunie, angalau nipumue.

Kesho nasema. Nimeshapanga maneno: Madam, yale majaribio yalikuwa hayapimi kitu, kosa ni langu, mwenzangu ndiye aliyeligundua. Ni sentensi moja tu. Nimeisema bafuni mara kadhaa, inasemeka.

Jumatatu, 10 Juni

Haikusemeka.

Niandike ilivyokuwa. Tumeingia kikaoni, projekta ikawashwa, na ukutani ni mekundu matupu. Nilikuwa nimesahau kuwa kila kinachopita kwenye seva ya wote kinaonekana pale. Madam akavaa miwani, akasogea mpaka karibu na ukuta. Akasoma jina langu. Akasoma tarehe, Ijumaa. Akasoma kwa sauti: "majaribio mapya".

Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua mdomo.

Lakini Madam alikuwa amegeuka, na uso wake unang'aa. Akasema, mmeona? Huyu hata wiki haikuisha tangu apewe cheo, hajakaa kula sifa, kaenda kuchimba zaidi na kakuta mashimo ambayo hakuna aliyeyajua! Akasema mashimo haya yangefika kliniki, tungekuja kutafutana na mawakili. Makofi. Makofi tena!

Kisha akamgeukia Bwana Baadaye, na uso ukabadilika. Ukaguzi huu wa ukubwa, ni kweli hukuuandika? Akasema ni kweli, sikuuandika. Na huu wa mwanzo wa data? Huo niliuandika nusu, Madam. Kwa nini? Alinitazama mara moja, hakunikazia macho, ni vile mtu anavyotazama saa. Kisha akatazama meza. Nyuma huko mtu akasema kwa sauti nyembamba, "Baadaye!" na chumba kizima kikacheka.

Madam akanigeukia akasema hongera tena.

Na mimi nikasema asante. "Asante, Madam." Sauti yangu mwenyewe niliisikia, safi kabisa, wala haikutetemeka. Ningekuwa na mate ningejitemea.

Jumanne, 11 Juni

Sijasema. Asubuhi Madam alikuwa na wageni. Mchana alikuwa na wageni. Saa kumi hakuwa na wageni, nikakumbuka nina barua pepe za kujibu.

Bwana Baadaye ameandika kaguzi zote zilizokosekana. Nimezipima, safari hii kwa haki, na kila faili naiuliza imekataliwa kwa kosa gani. Kazi safi. Jamaa anaandika vizuri akiachwa aandike. Hata zile alama zake nimezielewa leo; kila "baadaye" ilikuwa na sababu pembeni — Madam kabadilisha mpango, Madam kahamishia watu kazi nyingine, subiri uamuzi. Mwaka mzima nimecheka neno la kwanza sikusoma lililofuata.

Nilimfuata pale dirishani. Nikamwuliza kwa kunong'ona, jana mbona hukusema? Akashangaa kweli kweli. Akasema, si uliniambia nisiseme kabla yako? Basi nangoja.

Hakulisema kwa kunichoma. Angenichoma ningepata la kumjibu, mimi maneno hayanipungukii.

Jumatano, 12 Juni

Madam kaniita ofisini kwake. Kafunga mlango, kanipa kiti kile laini. Akasema mkataba wa Bwana Baadaye unaisha mwisho wa mwezi — naye anamwita hivyo, Bwana Baadaye, nadhani jina lake kalisahau. Akasema yeye anaelekea kumwacha aende zake. Mtu anayeacha mashimo ya namna ile kwenye kazi ya wateja ni hatari. Lakini hataki kuamua peke yake. Wewe ndiye unayeijua kazi yake kuliko mtu yeyote, akaniambia, na wewe ndiye uliyeyafichua. Abaki au aende? Ukisema abaki atabaki.

Hapo ndipo pa kusema. Palifagiliwa, pakatandikwa mkeka kabisa! Tulikuwa wawili tu. Nikasema, Madam, ni mwandishi mzuri. Akasema, una roho nzuri. Nikasema, Madam, kuna jambo. Akasema, sema. Nikaona picha yangu ukutani nyuma yake, wameshaipandisha kwenye safu ya picha za wakuu, bado inanuka gundi.

Nikasema nipe mpaka kesho nilifikirie.

Nimemwambia mume wangu. Nilimfuata barazani, alikuwa amefungua jokofu la mtu, mikono ina grisi. Nilimwambia lote, kuanzia jumla mpaka "asante". Hakunikatiza. Halafu akauliza kitu ambacho sikukitegemea: huyo jamaa umeshamwomba radhi? Nikasema bado. Akarudi kwenye jokofu lake, akafungua skrubu mbili tatu. Akasema atasimama na mimi hata cheo kikiondoka, maana kabla ya cheo tulikuwa tunakula. Kisha akasema kitu kingine, chini chini: ila mama asijue, itamuumiza. Kwa hiyo naye ana aibu. Nilimwona. Anajaribu kuificha nyuma ya jokofu la watu.

Mama mkwe alituita ndani. Akaniuliza yule kijana unayetusimulia vituko vyake, yule Baadaye, ana watoto? Nikasema sijui, mama. Mwaka mzima nimekuja hapa mezani kumwigiza anavyotembea na anavyopanguza miwani, watu wakachekea sahani. Kama ana watoto, sijui.

Alhamisi, 13 Juni

Naandika nikiwa kwenye benchi, nje ya ofisi ya Madam. Ametuita wote wawili, mimi na Bwana Baadaye. Tumefika, simu yake ikalia, akatutoa kwa ishara ya mkono: subirini hapo kidogo. Nasikia anaongea na mtu wa kliniki. Anacheka sana. Anamwambia wana bahati, tuna mpimaji ambaye hata sisi tunamwogopa.

Yeye amekaa pembeni yangu. Kavaa shati la kola, limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Nimetoa daftari hili kwa sababu sijui pengine pa kuangalia. Anadhani naandika hoja za kikao. Amesema, wewe umejiandaa, dada, mimi hata kalamu sijabeba.

Nimemwuliza kama ana watoto. Limetoka tu, bila mkia wala kichwa. Amesema anaye mmoja, wa kike, anaanza shule mwaka huu, na anakataa kuvaa soksi. Amecheka. Sikuwahi kumsikia akicheka bila kuchelewa.

Sasa naomba radhi. Sasa hivi, kabla simu haijakatwa. Kwanza yeye, halafu ndani nimwambie Madam ile sentensi moja, picha waishushe, mama mkwe asikie atakavyosikia. Nimepiga moyo konde. Nimemgeukia, nimesema, unajua, kuhusu zile faili —

Hakuniacha nimalize. Ameinua mkono, kwa upole ule ule. Amesema anajua ni jambo gumu kwangu, na mimi ndiye mpya kwenye cheo. Amefikiri usiku. Amesema tukiingia nimwachie yeye. Atasema zile faili tulizitengeneza pamoja tangu mwanzo, jumla tuliisahau pamoja, kosa liwe la wawili. Kwake yeye haliongezi kitu, Madam ameshamchoka, lakini kwangu litapungua nusu. Akaniuliza: si itakuwa nafuu, dada?

Hajatengeneza hata faili moja. Hata moja! Anataka kubeba nusu ya mzigo ambao si wake, mbele ya mtu anayetaka kumfukuza, ili mimi nisione haya.

Nimemjibu sawa.

Nimesema "sawa". Si "hapana", si "samahani", si ile sentensi ya bafuni. Nimesema sawa, na mabega yangu yameshuka kwa nafuu, nimeyahisi yanashuka, na yeye ameyaona.

Simu imewekwa chini. Viatu vya Madam vinakuja. Mwenzangu amesimama, ananyoosha shati, ananishikia mlango. Anasema tangulia, dada. Nafunga daftari.